Nimejichora mwenyewe, watu wanasema nimenuna

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu kitu kimoja, kujichora mwenyewe. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu binti ametuma na picha, na picha ikiwepo mtu unakuwa na cha kushika.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 21 niko Mwanjelwa hapa Mbeya, nachora mabango ya saluni na ya mama ntilie pamoja na mjomba wangu, yeye ndo kanifundisha. Mwezi wa saba ile baridi kali kazi zilikata, nikaona nisikae bure, nikachukua kipande cha hadibodi kilichobaki na rangi za oili zile za mageti nikajichora kwa kujiangalia kwenye kioo cha chumbani. Mimi nimeipenda ila kila anayeiona anasema mbona umenuna, mbona uso una giza, shangazi yangu ndo kafika mbali zaidi, kasema picha imeanika siri ya moyo wangu nimwambie kinachonisumbua. Mwalimu sina kinachonisumbua kivile, maisha tu ya kawaida. Halafu kingine, mimi natumia mkono wa kulia lakini kwenye picha nimeshika brashi kwa kushoto, mjomba ananicheka. Nimekutumia picha mbili nilizopiga kwa simu, moja nzima na nyingine ya karibu kabisa. Naomba uniambie ukweli, mtu akijichora inaonyesha nini hasa, na yangu inaonyesha nini?
*Binti wa mabango, Mwanjelwa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha zimefika zote mbili na ile ya karibu ndo imenisaidia sana, wengine mkituma tumeni hivo hivo.

Tuanze na shangazi. Nia yake ni njema kabisa ila kaanzia mwisho. Mtu akiona uso una giza anakimbilia moyoni moja kwa moja, wakati angeanzia chumbani. Hebu angalia nyuma ya kichwa chako kwenye hiyo picha, kuna dirisha, na dirishani naona mabati ya majirani na kwa juu Mlima Loleza na minara yake. Maana yake ulikaa umelipa dirisha mgongo, kioo kiko ukutani mbele yako, mwanga wote unaingilia nyuma yako unagonga ukingo wa shavu na sikio na bega, uso wenyewe unabaki kivulini. Giza limeletwa na pale ulipokaa. Mwite shangazi akae kwenye stuli ile ile asubuhi moja yenye mawingu ajiangalie kwenye kioo kile kile, naye atajiona ana giza vile vile, hata kama kaamka na furaha zake zote.

Na usione aibu nalo. Kuna kijana wa Uholanzi anaitwa Rembrandt, mwaka 1628 hivi, ana miaka kama 22 tu, yuko kwao Leiden bado hajahamia Amsterdam, alijichora hivo hivo. Mwanga unakuja kwa pembeni unashika shavu moja na shingo na ncha ya sikio, macho yote mawili yamezama kivulini mpaka inabidi usogee uyatafute, na ukishayapata unashtuka maana yalikuwa yanakuangalia muda wote. Ni kapicha kadogo, urefu wake unazidi kidogo sentimita 22, leo kako kwenye makumbusho ya Rijksmuseum kule Amsterdam. Nywele alizifanyaje? Aligeuza brashi akachukua ule mpini akaikwaruza rangi ikiwa bado mbichi, mikunjo ya nywele ikatokea kwa mkwaruzo. Tofauti yenu ni kwamba yeye giza alilitaka, alikuwa anajaribu kivuli kinafanya nini kwenye uso, na wewe limekujia kwasababu kioo kimepigiliwa ukutani. Sasa umeshajua, kwahiyo safari nyingine hata ukilirudia litakuwa la kwako.

Kununa nako ni hivo hivo. Mtu anayejichora anafanya kazi ya kupima, jicho hili liko umbali gani na lile, pua inaishia wapi, na uso unaopima haucheki. Jaribu ushike tabasamu mbele ya kioo kwa dakika mbili tu uone, linakufa lenyewe, yanabaki meno. Mwangalie mjomba wako usoni siku anapiga herufi kubwa kwenye bango na mstari hautakiwi kupinda, halafu uniambie kama hajanuna.

Mkono wa kushoto ni kioo, hakuna kosa hapo, mjomba apunguze kucheka. Van Gogh, mchoraji mwingine wa Uholanzi, alijikata sikio la kushoto mwezi Desemba 1888 akiwa Ufaransa, na Januari 1889 akajichora akiwa na bandeji, na kwenye picha bandeji iko upande wa kulia. Aliweka alichokiona. Wewe umekuwa mkweli mpaka mlima wako umegeuka, mtu wa Mbeya anayeujua Loleza vizuri akiangalia hilo dirisha atahisi kuna kitu hakijakaa sawa bila kukijua ni nini.

Sasa tukishatoa chumba, tukatoa kioo, tukatoa na uso wa kazi, kinabaki nini? Hapo ndo pako wewe mwenyewe, na hapa nataka uichukue picha yako uishike mkononi wakati unasoma.

Angalia kola ya sweta. Hujaniambia kwenye barua sweta ni ya nani wala nani kaifuma ila umeichora uzi kwa uzi, kijani iliyofubaa kwa kufuliwa, na pale karibu na kifungo cha juu ilipofumuka umeweka hadi ule uzi wa rangi tofauti ulioshonewa. Paji la uso umelimaliza kwa brashi pana, mipako michache ya haraka, mkono wa mtu wa mabango kabisa anayejua anachofanya na mteja anasubiri. Lakini kwenye kola umepunguza mwendo, umebadilisha na brashi ukachukua nyembamba. Hakuna anayefanya hivo kwa kitu asichokijali. Kama hiyo sweta ina historia basi picha yako imeshaisimulia, na nashangaa kwamba katika wote walioiona hakuna aliyekuuliza habari zake.

Halafu mdomo. Kwenye ile picha ya karibu rangi ya mdomoni imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Rangi ya oili inafanya hivo ukiipaka juu ya nyingine ambayo haijakauka, juu inashika, chini bado laini, inajikunja, na baridi yenu ya mwezi wa saba inachelewesha kukauka zaidi. Kwahiyo hata usiponiambia naona kwamba ulirudi pale mara nyingi, bila kusubiri. Na ukiinamisha picha kwenye mwanga, kwa pembeni ya kulia kuna kamstari cha mdomo wa kwanza kamechungulia chini ya rangi, ule mdomo ulikuwa umefunguka kidogo. Huu wa mwisho umefungwa.

Kwanini uliufunga? Mimi sijui na siwezi kukuagulia. Inawezekana ni ile habari ya tabasamu kufa kwenye kioo. Inawezekana kuna mtu aliwahi kukwambia kitu kuhusu meno yako ukiwa shule ya msingi, au rangi nyekundu tu ilikuwa imeisha kwenye kopo. Ila hapo ndo sehemu pekee ya picha ambayo mkono wako ulisita, kwenye macho hukusita kabisa. Shangazi aliangalia macho kwasababu ndo tumezoeshwa hivo, tunaambiwa macho ndo yanasema. Mimi nikitaka kumjua aliyejichora naangalia wapi alikaa muda mrefu na wapi alifuta, maana uso mtu anaweza kuupanga, ila rangi ikishalala inabaki na kumbukumbu ya mkono ulivyopita.

Sasa naomba usiurekebishe huo mdomo na usiupige msasa, uache kama ulivyo. Tafuta makatoni ya viatu uyakate vipande vya kiganja, ujichore midomo tu, umefungua, umecheka, unatafuna andazi, unapiga mluzi. Huyo huyo Rembrandt mwaka 1630 alitengeneza vipicha vya kuchapa vya uso wake, kingine hakifiki hata sentimita 6, anajikunja mbele ya kioo, ametoa macho kwa mshangao, amecheka, amefoka. Alikuwa anajifunza uso unavyokwenda, na hakumlipa mtu wa kumkalia mbele ili amchore. Ukishajaza boksi la midomo ndo ujichore tena upya kwenye hadibodi nyingine, na hii ya kwanza itunze.

Na hizo rangi za mageti wala usizionee haya. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru huko huko kusini, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alianza na hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, na leo mtindo wake unaitwa kwa jina lake.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni mama, naishi Mafinga, mume wangu yuko kwenye mbao. Kijana wetu wa kiume kamaliza fomu six anasubiri majibu, sasa kila siku anajichora yeye tu, yani daftari zima ni sura yake, mbele, pembeni, kavaa kofia, hajavaa. Baba yake anasema ni majivuno, mimi naogopa labda mwanangu ana upweke au kuna kitu kichwani. Nimuache au nimzuie?
*Mama wa Mafinga*

JIBU: Salama kabisa mama. Muache, na ikiwezekana mnunulie daftari lingine.

Majivuno siyaoni hapo. Kijana wa kuchora anahitaji mtu wa kukaa kimya mbele yake masaa mawili bila kulalamika, na nyumbani kwenu nani atakubali? Baba yuko kwenye mbao, wewe una shughuli zako, wadogo zake hawatulii. Anayepatikana muda wowote bure ni yeye mwenyewe. Van Gogh alijichora kama mara 35, nyingi akiwa Paris kati ya 1886 na 1888, na sababu kubwa ilikuwa hana hela ya kumlipa mtu amkalie. Mchoraji Albrecht Dürer, mtoto wa sonara kule Nuremberg Ujerumani, alijichora mwaka 1484 akiwa na miaka 13, na baadaye akaandika kwa juu kwamba alijichora kwa kujiangalia kwenye kioo enzi hizo akiwa bado mtoto. Hiyo karatasi ipo mpaka leo Vienna.

Ila ninayetaka umjue zaidi mama ni wa huku huku kwetu Afrika, Samuel Fosso. Amezaliwa Kameruni mwaka 1962, kalelewa na bibi na babu yake Nigeria, vita ya Biafra, ile ya wenyewe kwa wenyewe huko Nigeria, imempitia akiwa mdogo, baadaye akachukuliwa na mjomba wake hadi Bangui, Afrika ya Kati, na hapo mwaka 1975 akafungua studio yake ya picha akiwa na miaka 13. Mchana anapiga wateja. Jioni filamu ikibaki vipande vichache mwishoni hataki viharibike, basi anavaa vizuri anajipiga mwenyewe, na picha hizo alikuwa anamtumia bibi yake Nigeria aone kwamba mjukuu yuko salama na anakua. Leo zinaonyeshwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Mtu angeziona siku ile bila kuelezwa angesema huyu mtoto ana majivuno.

Kwahiyo usimpime kwa daftari, yeye mpime kwa kula na kulala na kuongea. Kama anakula, anacheka na wenzake, anatoka kucheza mpira, basi daftari ni mazoezi tu. Kama ameacha kula, halali, amejitenga hata na rafiki zake wa siku zote, hapo kaa naye chini umuulize, na mkaone mtaalamu hospitali, na hilo ungelifanya hata angekuwa anachora magari. Kingine kidogo mama, muombe akuchore wewe. Kaa naye saa nzima akuangalie. Kijana anayesubiri majibu ana mengi, na mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe, utayasikia ambayo ungeuliza usingejibiwa.

SWALI: Kamwene Mwalimu. Niko Njombe nina miaka 19. Nikijichora ngozi yangu inatoka kama mkaa, nikiongeza nyeupe inakuwa kama majivu, haina uhai. Mimi ni mweusi wa kawaida. Halafu natumia selfi ya simu, pua inakuwa kubwa kuliko yangu. Nakosea wapi?
*Kijana wa Njombe*

JIBU: Kamwene mdogo wangu. Rangi nyeusi iweke pembeni kabisa kwa muda, hiyo ndo inayokuua. Ngozi yetu haina weusi wa kopo ndani yake. Chukua ile nyekundu ya udongo wanayopakia mageti kwanza kabla ya rangi yenyewe, redi oksaidi, changanya na bluu kidogo kidogo, utaona inazama inakuwa kahawia nzito ya kivuli yenye joto ndani. Ukiongeza bluu kivuli kinakuwa baridi, ukiongeza nyekundu kinapata damu. Sehemu zenye mwanga wa kati tia njano ya udongo kabla hujaigusa nyeupe, maana nyeupe peke yake ndo inaleta majivu.

Halafu toka nje ujiangalie vizuri. Njombe mawingu ni mengi, mwanga wenu ni wa mawingu, na mwanga huo ukitua kwenye paji la uso la mtu mweusi ule mng'ao unakuwa na ubluu ndani yake, sio nyeupe. Weka hapo bluu iliyopauka sana, sehemu ndogo tu, na pembeni yake iache ile kahawia yenye joto. Uso unaamka. Ukiwa na ngozi nyeusi wewe una bahati, inashika rangi za kila kitu kilicho karibu, shati jekundu utaliona chini ya kidevu, nyasi utaziona kwenye taya.

Pua ni kamera. Simu ikiwa karibu na uso kilicho mbele kinakuwa kikubwa kuliko kilicho nyuma, na pua ndo iko mbele. Mpe mtu simu asogee nyuma hatua tatu nne ndo apige, au bora zaidi uache simu utumie kioo, maana kwenye kioo unaweza kusogea ukaona kivuli kinavyohama, kwenye selfi kimeshaganda.

SWALI: Mwalimu, mimi niko Kihesa Iringa, nimemaliza picha yangu ya kujichora, kubwa na nzuri kweli, ila kaka yangu anasema nani atanunua sura yangu? Nimekosa la kumjibu.
*Mchoraji wa Kihesa*

JIBU: Kaka ana haki kwenye kununua, mtu asiyekujua kuweka sura yako sebuleni kwake ni ngumu. Lakini picha hiyo inaweza kukuingizia kazi bila kuuzwa. Mwaka 1524 kijana mmoja wa Parma Italia, sisi tunamjua kwa jina la Parmigianino, ana miaka 21, alijiona kwenye kioo cha kinyozi kile kilichobinuka akapenda uso ulivyojikunja na mkono wa mbele ulivyokuwa mkubwa. Akachongesha mbao ya duara iliyobinuka hivo hivo akajichora juu yake kama alivyoonekana, akaibeba hadi Roma kumuonyesha Papa Klementi wa Saba. Alikuwa anatafuta kazi, na sura yake ndo ilikuwa barua ya maombi, kwasababu Papa alimuona mwenyewe amesimama pale na picha iko pembeni, akapima inafanana au haifanani.

Wewe fanya hivo hivo. Beba picha yako nenda nayo Miomboni, ingia kwa wenye maduka, kwa wenye studio za picha, hata kwa vinyozi, isimamishe pembeni ya uso wako waangalie, halafu waambie bei ya kuchora mtoto wao au mzee wao. Bei uwe umeipanga kabla hujatoka nyumbani, na advansi uchukue nusu.